Manowari Petard na Makaburi Yasiyo na Maiti

Katika vijiji vinavyopakana na msitu wa Kakamega, mtu akifia mbali na maiti yake isipatikane, boma lake haliachwi bila kaburi. Wazee huenda shambani wakachagua mgomba ulionyooka, wakaukata karibu na ardhi na kuyapunguza majani, hadi kibaki kipande kinachokadiriwa urefu wa marehemu. Kwa panga kali mgomba hukatika kwa mapigo mawili matatu, kisha hutiririsha maji kwa muda mrefu. Anayeubeba kwa mara ya kwanza hushangaa jinsi ulivyo mzito, na jinsi ubaridi wake unavyopenya shati hadi begani. Hufunikwa kwa nguo ya mwenyewe ikiwa ipo, huliliwa, halafu huteremshwa shimoni kama anavyoteremshwa mtu. Jirani zao Wajaluo hufanya vivyo hivyo kwa tunda la mwegea, ambalo wao huliita yago. Baada ya hapo watoto wanaweza kunyolewa, mjane anaweza kutoka matangani, na jina la aliyepotea linaweza kupewa mtoto atakayezaliwa.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia vilileta vifo vingi vya namna hiyo. Kikubwa kupita vyote kwa askari wa Afrika Mashariki kilitokea baharini, alasiri ya Jumamosi, 12 Februari 1944, kwa muda usiozidi dakika tatu. Manowari tatu za Kiingereza zilikuwa pale kuwalinda, mbili kati yake zikiwa za kasi za kuwinda nyambizi. Moja iliitwa Paladin. Ya pili, ambayo ndiyo hasa inayohusika na habari hii, iliitwa Petard.

Buyangu iko kaskazini mwa msitu, kando ya barabara ya kutoka Kakamega kwenda Webuye. Nchi hiyo iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda kilima chake alfajiri unaona vilele vya miti vikitokeza kwenye ukungu, huku mbega wakinguruma upande wa mto Isiukhu. Hata ndege akiruka moja kwa moja kutoka hapo hadi Mombasa atapita zaidi ya kilomita 700. Ni mahali pa mwisho ambapo mtu angetarajia kusikia habari za manowari. Hata hivyo vijana wa nchi hii, Waisukha, Wakabrasi na ndugu zao, walichukuliwa hadi baharini na serikali ileile iliyoituma Petard kuwalinda, na kwa hiyo daftari la safari za meli ile ni sehemu ya historia ya Kakamega pia.

Neno manowari lenyewe Waswahili walilitoa midomoni mwa mabaharia wa Kiingereza, waliokuwa wakiiita meli ya vita “man-of-war”. Petard ilikuwa ya ile aina ambayo wanamaji huiita destroya: nyembamba, ndefu, ya kasi, iliyoundwa kukimbia kuzunguka meli kubwa zisizoweza kujitetea na kuwinda nyambizi. Ilijengwa katika karakana ya Vickers-Armstrongs ukingoni mwa mto Tyne, kaskazini mwa Uingereza. Kazi ilianza Desemba 1939, meli ikateremshwa majini Machi 1941, na mnamo Juni 1942 ikaanza utumishi. Urefu wake ulikuwa mita 105 hivi, na ilikwenda zaidi ya kilomita 60 kwa saa, mwendo ambao magari mengi ya barabara ya Kakamega wakati huo yasingeweza kuufikia. Jina lake ni la kibomu cha kale kilichotumika kuvunjia malango ya ngome. Ndani yake kulikuwa na mabaharia wapatao 200, wengi wao vijana ambao miezi michache nyuma walikuwa makarani na vibarua.

Nahodha wa kwanza alikuwa Mark Thornton. Haukupita muda meli ikajikuta katika tukio ambalo limeipa nafasi ya pekee katika vitabu vya vita.

Usiku wa 30 Oktoba 1942, mashariki mwa Bahari ya Mediterania, Petard na destroya wenzake wanne walikuwa wameiwinda nyambizi ya Kijerumani U-559 kwa saa nyingi. Mabomu ya kina, yale mapipa ya baruti yanayotupwa baharini yalipukie chini ya maji, yaliipasua, nayo ikalazimika kuibuka. Mabaharia wake walijitupa majini. Walikuwa wamefungua vali ili meli izame, lakini haikuzama mara moja. Luteni Anthony Fasson na baharia Colin Grazier walivua nguo, wakaogelea gizani hadi kwenye nyambizi ile, wakateremka ndani yake huku maji yakipanda. Kijana wa kantini, Tommy Brown, ambaye alikuwa na miaka 16 na alidanganya umri wake ili apate kazi melini, aliwafuata. Fasson na Grazier walivipitisha vitabu juu, Brown akavipokea ngazini na kuvikabidhi mashuani. Aliwaita watoke. Nyambizi ikazama ghafla na watu wawili wale ndani yake.

Vitabu walivyovifia vilikuwa vya misimbo ya Enigma, mashine ya Wajerumani ya kuficha salamu. Tangu Februari mwaka ule wataalamu wa Kiingereza wa kufumbua misimbo huko Bletchley Park walikuwa wameshindwa kusoma salamu za nyambizi za Kijerumani katika Atlantiki, na meli za mizigo zilikuwa zikizama kwa wingi. Vitabu vilifika kwao mwishoni mwa Novemba. 13 Desemba 1942 wakafaulu kulifungua fumbo. Fasson na Grazier walipewa Msalaba wa George baada ya kufa. Brown alipata Medali ya George, na mwaka 1945 alikufa nyumbani kwao katika moto, akijaribu kumwokoa dada yake.

Siku mbili baada ya fumbo kufunguliwa, Petard ikawa kusini mwa Malta pamoja na destroya wa Kigiriki, Vasilissa Olga. Ikaibua na kuangamiza nyambizi ya Kiitalia iliyoitwa Uarsciek. Msomaji wa pwani atalitambua jina hilo haraka: ni Warsheikh, mji wa pwani ya Somalia kaskazini mwa Mogadishu, ulioandikwa kwa tahajia ya Kiitalia. Italia ilikuwa imezipa baadhi ya nyambizi zake majina ya miji ya makoloni yake ya Afrika Mashariki. Wakati Uarsciek inazama, makoloni hayo yalikuwa yamekwisha kutekwa, na katika majeshi yaliyoyateka walikuwemo askari wa King's African Rifles.

Watu walilifupisha jina la jeshi hilo wakaliita Keya. Kwa Waluhya, Keya ilikuja juu ya kumbukumbu chungu zaidi. Katika vita vya kwanza, 1914 hadi 1918, wazee wao walichukuliwa kwa maelfu kuwa wapagazi wa jeshi, ile Carrier Corps iliyoacha jina lake Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Walikufa kwa njaa na kuhara zaidi kuliko kwa risasi, na wengi hawakuandikwa jina popote. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba huenda watu kati ya 116,000 na 350,000 waliokufa katika vita vile, wengi wao Waafrika na Wamisri, hawakuwahi kukumbukwa kwa majina au hata kwa namna yoyote. Wazazi waliowatazama vijana wao wakiandikishwa mwaka 1940 hawakuhitaji kuambiwa na tume. Walikuwa wamewazika watu wa Kariokor kwa mgomba.

Makao ya wilaya, ambayo wakati huo iliitwa Kavirondo ya Kaskazini, yalikuwa Kakamega mjini. Mji ule ulikuwa umejaa kelele za dhahabu tangu 1931, na wachimbaji Wazungu walikuwa wamemiminika katika ardhi ambayo wenyeji walikuwa wameahidiwa kuwa ni yao milele. Machimbo yalipopungua, jeshi lilikuwa na mshahara. Jambo jingine linalostahili kutajwa ni kwamba eneo hili ndilo kitovu cha Waquaker wa Kenya. Marafiki, kama wanavyojiita, walifungua misheni Kaimosi mwaka 1902, na imani yao inakataa vita kabisa. Lakini ni shule za misheni zilizowafundisha vijana kusoma ramani, kufanya hesabu na kuandika, na hao ndio waliohitajiwa na vikosi vya mizinga na vya mawasiliano. Anayepima pembe ya mzinga hawezi kuwa mtu asiyejua hesabu. Wakenya wapatao 98,000 walitumikia jeshi katika vita vile. Amri, mafunzo na matusi ya sajenti vyote vilikuwa kwa Kiswahili, na wengi wa bara walikijua Kiswahili vizuri zaidi kambini kuliko walivyokuwa wamekijua nyumbani.

Kwa nini askari wa Afrika Mashariki wavuke Bahari ya Hindi? Jibu linaanzia Aprili 1942. Ndege za Kijapani zilishambulia Colombo na Trincomalee katika kisiwa cha Ceylon, zikazamisha meli kadhaa, na Admirali wa Kiingereza James Somerville akaihamishia sehemu kubwa ya kundi lake la manowari Kilindini. Mombasa ikawa bandari ya vita. Wataalamu wa kufumbua misimbo ya Kijapani walihamishiwa katika jengo la shule ya Allidina Visram, linalotazama bahari, na humo wakaifumbua misimbo ya meli za biashara za Japani. Mwezi Mei nyambizi ndogo za Kijapani zilipenya bandari ya Diego Suarez, Madagaska. Miezi miwili iliyofuata nyambizi kubwa zikazamisha meli zaidi ya 20 katika mlango wa Msumbiji. Keya wakapelekwa Madagaska. Kisha mwaka 1943 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye nembo ya kifaru, ikapelekwa Ceylon kujiandaa kwa vita vya Burma. Waruhiu Itote, ambaye baadaye Wakenya walimjua kama Jenerali China, alivuka maji hayohayo.

Regimenti ya 301 ya Mizinga ya Afrika Mashariki ilifuata mwanzoni mwa 1944. Ilikuwa na maafisa na askari 996. Walipandishwa melini Kilindini, nayo meli iliitwa Khedive Ismail.

Hapo msomaji aniruhusu kusimama kidogo, kwa sababu hata jina la meli hii lina historia pwani. Iliundwa Marekani mwaka 1922 kwa ajili ya kampuni ya Chile, ikaitwa Aconcagua. Mwaka 1935 ilinunuliwa na kampuni ya Misri na kupewa jina la Ismail, mtawala aliyeitawala Misri kuanzia 1863 hadi 1879. Ismail huyo ndiye aliyetuma meli zake Kismayu mwaka 1875 chini ya Mwingereza McKillop, akitaka kujinyakulia pwani iliyokuwa chini ya Sultani Barghash wa Zanzibar. Barghash alilalamika kwa Waingereza, na Wamisri wakaondoka. Miaka 69 baadaye, jina la yule aliyeshindwa kuichukua Afrika Mashariki ndilo lililokuwa limeandikwa ubavuni mwa meli iliyowachukua vijana wake.

Msafara uliitwa KR 8. Ulikuwa na meli tano za kubeba wanajeshi: City of Paris, Varsova, Ekma, Ellenga na Khedive Ismail. Zililindwa na manowari kubwa Hawkins na destroya wawili, Petard na Paladin. Petard wakati huo ilikuwa imetoka katika vita vikali vya visiwa vya Ugiriki mwishoni mwa 1943, na nahodha wake mpya aliitwa Rupert Egan. Paladin nayo ilikuwa na jina. Februari 1943 ilikuwa imeilazimisha nyambizi ya Kijerumani U-205 kusalimu amri. Kwa ulinzi wa meli tano zilizojaa watu, destroya wawili walikuwa wachache. Hawakuwako wengine.

Melini pamoja na wapiga mizinga kulikuwa na mabaharia wa Kiingereza 271, wauguzi wa kike zaidi ya 50, na wasichana wa jeshi la majini na la nchi kavu. Alikuwako pia mwandishi Kenneth Gandar Dower, mtu wa vituko ambaye mwaka 1937 alipeleka duma wa Kenya kukimbizwa London katika viwanja vya mbio za mbwa. Lakini huyu alikuwa pia ameandika kwa bidii juu ya askari wa Afrika Mashariki katika vita vya Uhabeshi na Madagaska. Kalamu ambayo ingewaandika wapiga mizinga wa 301 ilikuwa ndani ya meli moja nao.

Siku ya sita au saba ya safari, msafara ulikuwa kusini magharibi mwa visiwa vya Maldivi. Chakula cha mchana kilikuwa kimekwisha. Bahari ilikuwa shwari, jua kali. Saa nane na nusu hivi, nyambizi ya Kijapani I-27 chini ya kamanda Toshiaki Fukumura, iliyokuwa imetoka Penang siku nane kabla, iliachia torpedo nne. Mbili ziliipata Khedive Ismail upande wa tezi na katikati, penye matangi ya mvuke. Meli ililala ubavu na kuzama. Wengine wanasema ni dakika mbili, wengine tatu. Kwa askari aliyekuwa sitaha ya chini, mwenye ngazi moja ya kupanda na mamia ya wenzake mbele yake, tofauti hiyo haina maana. Mtu anayetaka kuupima muda huo na asome aya hii polepole mara tatu. Akimaliza, meli haipo.

Waliobaki hai walikuwa mamia machache, wakielea katika mafuta mazito, wakishika mbao, makasha na wenzao. Wengi walikulia bara, mbali na maji makubwa, na vazi la kuokolea lilikuwa kitu walichokijua kwa wiki moja tu. Meli nne zilizosalia zilitawanyika kwa amri, maana kusimama kungekuwa kuzikabidhi kwa adui. Paladin ilipunguza mwendo na kuteremsha mashua kuwaokoa watu. Petard ilizunguka ikisikiliza.

Na chombo chake cha kunasa mwangwi kikaikuta I-27. Fukumura alikuwa ameipeleka nyambizi yake mahali pekee ambapo aliamini hatashambuliwa: chini ya watu waliokuwa wakielea.

Egan alikuwa na mambo mawili ya kuyaweka kwenye mizani, na hakuwa na muda. Nyambizi ile ilikuwa na torpedo nyingine, na maelfu ya watu walikuwa katika meli zilizokimbia bila destroya wa kuzilinda. Chini ya omo ya Petard walikuwako watu waliomwona anakuja, na baadhi yao walipunga mikono kwa furaha wakidhani wanaokolewa. Alitoa amri. Petard ilipita katikati yao na kutupa mabomu ya kina. Mlipuko wa chini ya maji humvunja mtu ndani bila kumjeruhi ngozi; waliokuwa karibu walikufa hapohapo. Petard ikageuka ikarudia, na ikarudia tena.

Baada ya pigo la tatu I-27 iliibuka juu ya maji. Mizinga ya inchi nne ilipiga gamba lake na risasi zikateleza. Paladin ikakimbia kuigonga kwa omo. Petard ikaipungia iache, Paladin ikageuka kwa taabu, na bawa la chuma la nyambizi likaichana ubavu chini ya mkondo wa maji. Sasa destroya mmoja alikuwa ameumia na bahari ilikuwa imejaa watu. Petard ikaanza kutumia torpedo zake, moja baada ya nyingine, na sita zikakosa. Ya saba ikaipasua nyambizi vipande viwili pamoja na karibu watu 100 waliokuwamo. Mapigano yote yalichukua zaidi ya saa mbili. Kwa hivyo Petard ikawa imezamisha nyambizi za Ujerumani, Italia na Japani, zote tatu, sifa ambayo huandikwa karibu kila inapotajwa.

Petard iliivuta Paladin hadi Addu, kusini mwa Maldivi, na waliookolewa wakafikishwa huko. Hesabu ilipofanywa, katika watu 1,511 waliokuwa ndani ya Khedive Ismail walibaki wanaume 208 na wanawake sita. Wanaume 1,220 na wanawake 77 walikufa. Hakuna msiba wa meli katika vita vile uliowaua wanawake wengi zaidi wa majeshi ya Jumuiya ya Madola, na Gandar Dower alikuwa mmoja wa waliopotea.

Watu wa bahari wamebishana kwa miaka 80 kama Egan alifanya sawa. Wengi wa wanajeshi wanasema hakuwa na njia nyingine, na mwandishi wa makala haya hana hoja ya kuwapinga: I-27 ilikuwa imewazamisha wengine na ingeendelea. Linaloumiza ni jinsi hukumu hiyo inavyotolewa. Kila mara msomaji husimamishwa darajani pamoja na nahodha, akaonyeshwa uzito wa uamuzi wake, akaombwa amwonee huruma. Ni nadra kuwekwa majini. Wale walioelea hawatajwi ila kama uzito mmoja wa mizani, na kwa kawaida huitwa tu “manusura”, kana kwamba hawakuwa na jeshi, nchi, wala lugha. Wengi wao walikuwa wapiga mizinga Waafrika, waliofundishwa kwa Kiswahili, na yamkini kelele za mwisho walizopiga kuelekea Petard zilikuwa kwa Kiswahili.

Mwaka 2000 filamu ya Hollywood iliyoitwa U-571 ilionyesha mabaharia Wamarekani wakinasa mashine ya Enigma. Uingereza ilikasirika. Waziri Mkuu Tony Blair aliulizwa bungeni na akakubali kwamba ilikuwa dharau kwa mabaharia waliokufa. Waliokasirika walikuwa na haki kabisa: Fasson na Grazier walizama gizani kwa ajili ya vitabu vile, na kumnyang'anya marehemu kazi yake ni kumwibia mara ya pili. Haki hiyohiyo inawastahili watu wa Regimenti ya 301. G. G. Connell, aliyekuwa afisa ndani ya Petard, aliandika kitabu kizima juu ya meli yake mwaka 1976. Kwa Kiswahili, lugha ya amri zao, msiba huu haujapata kitabu cha kiasi hicho.

Vita vilipokwisha, Divisheni ya 11 ilikuwa imepita bonde la Kabaw wakati wa mvua za monsuni mwaka 1944, katika matope na malaria, na kuuvuka mto Chindwin huko Kalewa mwezi Desemba. Waliorudi walirudi na vyeti, na fedha kidogo ambazo kwa wengine zilizaa duka au nyumba ya mabati. Petard ilirudi Uingereza, ikafanyiwa matengenezo makubwa na kugeuzwa kuwa frigati. Mwaka 1967 ilivutwa hadi Bo'ness, Scotland, ikakatwakatwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Paladin ilikuwa imekatwa miaka mitano kabla. Mwaka uleule wa 1967, sehemu mbili za msitu wa Kakamega, Yala na Isecheno, zilitengwa kuwa hifadhi. Buyangu ilisubiri hadi 1985, ndipo ikawa sehemu ya Hifadhi ya Taifa na kuwekwa chini ya walinzi wa wanyamapori. Miti mingi mikubwa ambayo mgeni huonyeshwa leo kando ya njia za Buyangu ilikuwa tayari imesimama siku vijana wale walipochukuliwa kwenda jeshini.

Majina ya wapiga mizinga yapo. Yameandikwa katika Ukumbusho wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong, yakiwa yamepangwa kwa kikosi na kwa cheo. Mtu akitoka Kakamega kwa basi la usiku anafika Nairobi kukiwa hakujakucha. Apande matatu nambari 111 inayokwenda Ngong, amwambie makanga amshushe War Cemetery. Lango liko wazi mchana, nyasi zimekatwa, msitu uko nyuma ya ua na mara nyingine nyani hupita juu ya mawe. Atafute palipoandikwa East African Artillery na aanze kusoma kutoka juu, kwa sauti kama anaweza. Orodha ni ndefu.